Mkono Usiohesabiwa

"Kitendawili."

"Tega," alijibu Mzee Shelukindo, kofia yake ameikumbatia kifuani.

"Ndugu arobaini na wawili wameketi kwenye mabenchi mawili, wanatazamana. Mmoja akiugua, nyumba nzima hailali."

Mzee akakuna kidevu kama mtu asiyejua, ingawa kitendawili hicho alikwisha kutegewa pale pale mara nne mwaka huo. Yeye na Bi Mwantumu walisimama nyuma ya pazia la risasi, lile zito ambalo miale haipenyi, lenye kidirisha cha kuchungulia. Upande wa pili, juu ya meza, alilala Jirani, mbwa wa mzee, mwekundu kama udongo wa Lushoto, pua imekuwa nyeupe kwa umri. Sikio moja alikuwa amelielekeza kwenye pazia.

"Nimeshindwa," alisema mzee. "Chukua mji."

"Mji gani?"

"Korogwe."

"Korogwe sikai, joto lake linapika ubongo."

"Basi chukua Tanga."

"Tanga nimekwenda, nimekaribishwa, nimekula samaki wa kupaka, nimelazwa kitanda cha besera, nimerudi. Wale ndugu ni meno ya mbwa."

Mkia wa Jirani ukapiga meza mara moja. Mbwa anayesubiri jibu husahau kinywa chake, na hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kazi yao. Kati ya Korogwe na Tanga, Zaina Kaniki alikuwa amekwisha kupitisha bamba la picha nyuma ya gego la mwisho na kulibana kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, vitupu, maana glavu za risasi ni nene kama ndizi mzuzu na hakuna mbwa anayezivumilia mdomoni. Mkono wa kushoto Zaina alikuwa ameuweka mgongoni, nyuma ya aproni ya risasi, kama askari aliyesimama mbele ya mkubwa wake. Daktari Hoza akabonyeza. Mtambo ukalia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa, ukanyamaza.

"Imetikisika," alisema Daktari Hoza akikitazama kioo. "Rudia."

Wakarudia, ikatikisika. Mara ya tatu ndipo picha ikatulia: mzizi wa chonge la juu umepanda kama muhogo ulioachwa shambani misimu miwili, ncha yake imebakiza milimita mbili kuligusa jicho.

"Keshokutwa, Mzee Shelukindo, mrudishe niukate. Lakini kabla ya kukata nitataka picha mbili nyingine."

"Hata kumi, daktari. Mimi sina mwingine wa kunibwekea nikianguka bafuni."

Jirani alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mbwa wa zamani, wa enzi za babu zake mzee, waliishi miaka kumi na miwili wakaaga. Hawa waliitwa waandani. Wataalamu waliichezea mbegu yao hata wakaweza kufika miaka arobaini, mbwa kwa paka, na kila mzee aliyeishi peke yake akapewa mmoja, wa kumkumbusha dawa na kuita watu mambo yakiharibika. Lakini kilichorefusha umri kikarefusha na mizizi ya meno. Mwandani akipita mwaka wa kumi na mbili, mizizi yake haikomi kukua. Hupanda kuelekea macho na ubongo, na hakuna dawa ila kuipiga picha kila miezi mitatu na kuikata ikivuka mpaka. Tena damu ile ile inakataa dawa ya usingizi. Mwandani ukimlaza haamki. Ukimbana kwa koleo la chuma, moyo unapasuka kwa hofu. Walijaribu, wakazika kumi na mmoja, wakaliacha koleo likapata kutu. Ikabaki mikono ya watu.

Na katika wilaya nzima mikono hiyo ilikuwa pale tu, kwenye jengo la mabati ya kijani ambalo wenyeji waliliita Kwa Gego.

*

Bi Mwantumu alimkuta Zaina kwenye sinki, anafungua kitambaa kidoleni kwa meno.

"Nini hicho?"

"Nilijikata, mama. Namenya viazi, kisu kikateleza."

"Kitambaa hiki nakiona wiki ya tatu. Hicho kiazi kilikuwa na meno?"

Zaina akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Viazi vya Mtae vikali, mama. Huvijui?"

"Lete mkono."

"Mama, nina wateja wawili wanangoja, na yule paka wa mwalimu mstaafu ana matusi..."

"Lete mkono, mwanangu."

Zaina akautoa. Kidole cha shahada na cha kati. Kucha zilikuwa na mistari myeusi iliyotoka mzizini hadi nchani, kama mtu amezichora kwa kalamu ya wino. Ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba na inang'aa, mfano wa ganda la kitunguu, na pembeni mwa kucha palikuwa na kidonda kisicho na usaha wala damu, kimekaa tu wazi kana kwamba kimesahau namna ya kufunga.

"Kinauma?"

"Nikishika kikombe cha chai kinachoma. Nikiwa na mnyama sisikii. Ila kinatetemeka, ndiyo maana picha zinarudiwa. Nisamehe kwa hilo."

"Umekwenda hospitali?"

"Mara tatu. Wanaanza kwa kuuliza kazi yangu, nawaambia mshikaji. Wanasoma punje, wanakuta kijani kibichi. Wanasema basi, si miale, haya ni mafangasi ya kushika mate ya mbwa. Wamenipa dawa ya kupaka. Mwezi wa saba huu napaka." Akanyoosha kifundo cha mkono wa kushoto, na chini ya ngozi kile kitone cha kijani kikawaka kwa upole, kidogo kama punje ya mtama. "Si unaona mwenyewe. Ingekuwa miale, hii ingesema."

Bi Mwantumu alikiona. Alikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo, maji yanatiririka sinkini, hakuna mtu mwingine. Akasema, "Kunywa chai yako, inapoa."

*

Punje ilikuwa sheria. Kila mshikaji alipandikiziwa moja kwenye kifundo cha kushoto, nayo ilihesabu miale iliyoipiga. Ilianza kijani, ikaja njano, na ikifika nyekundu watu husema mkono umejaa: mshikaji haingii tena chumba cha picha hadi anazikwa. Waliotunga sheria hiyo walikaa mezani, wakachora mtu ameshika mnyama kwa mikono miwili ndani ya glavu mbili, wakaona kuhesabu mkono mmoja kunatosha. Hawakuwahi kumshika mbwa.

Miaka kumi na miwili nyuma, Kwa Gego palikuwa na washikaji watatu. Katika mwaka mmoja na nusu, wawili walijaa. Akabaki Bi Mwantumu peke yake na punje ya njano, na foleni ya wazee na wanyama wao inapinda hadi barabarani. Alasiri moja paka wa mama mmoja mjane wa Soni alifia kwenye benchi, mapajani mwa mwenyewe, mzizi umetokeza pembeni mwa jicho. Zamu ilikuwa bado na watu tisa kumfikia. Yule mjane hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuendelea kukaa kidogo.

Kesho yake Bi Mwantumu aliuweka mkono wa kushoto mgongoni, nyuma ya aproni ya risasi, akashika kwa wa kulia. Jioni punje ilikuwa haikusogea. Wala kesho yake. Hakuiba kitu cha mtu, ndivyo alivyojiambia. Mkono ni wangu, nautoa mimi.

Angeishia hapo, lingekuwa lake na Mungu wake. Lakini walikuja wanafunzi. Aliwafundisha saba kwa miaka ile, na kila mmoja alimfundisha kusimama vile, na hata mmoja hakumwambia kwa nini. Aliogopa wangekimbia, au wangesema mahali. Akatafuta maneno mazuri, na kwa maneno mazuri Mungu alikuwa amemjalia. Aliwaambia: mkono mmoja huomba, miwili hukamata. Mnyama ukimwendea kwa mmoja, anajua unamheshimu. Wakapenda. Wakakuita kule kusimama kiheshima, wakawa wanataniana asiyesimama hivyo hana adabu. Sita kati yao walikwenda kufungua vyumba vya picha wilaya nyingine, wakaenda na heshima yao.

Wa saba ni Zaina, aliyebaki. Na mgongo ulipoanza kumsumbua Bi Mwantumu, alijiachia paka na vijibwa vya mapajani, akampa Zaina mbwa wakubwa wote, wale wenye mizizi mirefu wanaotaka miale mikali. Miaka sita. Yeye akawa nyuma ya pazia, anatega vitendawili.

Ncha za vidole vyake mwenyewe zilikwisha kufa ganzi zamani. Alikuwa akivisingizia uzee.

*

"Unafikiri mimi sikuona?" alisema Daktari Hoza, Bi Mwantumu alipomfuata ofisini jioni ile. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye desturi ya kufuta miwani kila anapotaka muda. Sasa aliifuta sana. "Mimi ndiye ninayebonyeza, Bi Mwantumu. Mwaka wa kwanza niliona. Nikajiambia nitaongea na wewe wiki ijayo."

"Hukuongea."

"Sikuongea. Tuna waandani mia nne na ishirini. Wewe wataje wenye wao, unawajua kuliko mimi. Tukisema leo, chumba kinafungwa kesho. Katika miezi mitatu mizizi ya nusu yao itakuwa machoni."

"Na Zaina?"

"Zaina tutamtibu. Ninamjua daktari wa mikono, mtu msiri. Tutasema aliungua kwa maji ya moto. Mkaguzi anakuja keshokutwa, asome punje zake, aende zake. Baada ya hapo tutatafuta njia. Glavu nyembamba, labda. Nimesoma mahali kuna watu wanajaribu kitambaa cha..."

"Daktari, wakimtibu kama mtu wa maji ya moto watamkosea tena."

Akaiweka miwani. "Nipe siku mbili tu."

Siku mbili. Aliona nyuso za wale wazee zikipita mbele yake mmoja mmoja, kila uso na mnyama wake. Akatikisa kichwa kukubali. Hilo nalo lihesabiwe. Hakulazimishwa na mtu.

*

Mkaguzi alikuwa Mpare mmoja mrefu, Bwana Ndekirwa, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Alifika asubuhi na kisomeo chake kifuani, akakigusisha kwenye kifundo cha Bi Mwantumu, kikatoa mlio mmoja. Njano ile ile ya miaka kumi na miwili. Akakigusisha kwa Zaina. Kijani.

"Nimezunguka mikoa minne," alisema. "Kote mikono inajaa. Kule nilikotoka juzi mtu amejaa kwa miezi minane. Hapa mbwa wakubwa kila siku, miaka sita, kijani. Nyinyi mna dawa gani?"

"Adabu tu, mheshimiwa," alisema Zaina, na Daktari Hoza akacheka zaidi ya ilivyostahili.

"Siyo mzaha. Nimekuja na kinasa picha. Nataka mnionyeshe mnavyosimama, nikawaonyeshe washikaji wa nchi nzima. Na huyu mama, kama afya inaruhusu, ofisi ingependa akafundishe. Wanafunzi wapya ni themanini mwezi ujao."

Themanini. Bi Mwantumu alishika ukingo wa meza.

Mzee Shelukindo alikuwa amekwisha kufika na Jirani, maana ndiyo siku ya kukatwa mzizi wake. Mbwa akapandishwa. Kinasa picha kikawashwa, kikaelea hewani usawa wa bega la mkaguzi kama nyigu asiye na haraka. Zaina akavaa aproni. Alikuwa ametoa kitambaa kidoleni; hakutaka kionekane kwenye picha.

"Hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga. "Wa kushoto unakaa nyuma. Wa kulia ndio unaoingia. Mkono mmoja huomba, miwili hukamata. Mama huyu ndiye aliyetufundisha. Mnyama anajua."

Akaingiza vidole kinywani mwa Jirani. Daktari Hoza alikuwa kwenye kitufe, hamtazami mtu.

"Mama," alisema Zaina, "mtegee, asije akanibana."

Mzee Shelukindo, pale nyuma ya pazia, alikwisha kulainisha koo aitikie. Bi Mwantumu akafungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo, ya utotoni, ya ngomani, ya jikoni kwa mama yake, yakamkauka.

"Zaina, toa mkono."

"Bado bamba halija..."

"Toa mkono kinywani. Daktari, acha hicho kitufe." Akalifunua pazia, akaingia hadi mezani. "Bwana mkaguzi, usiwaonyeshe watu hivyo. Hakuna heshima hapo. Mkono unawekwa nyuma ili punje isione. Mimi nilifanya hivyo mwaka ule wenzangu walipojaa, nikawafundisha na hawa, nikawadanganya ni adabu. Punje yake ni kijani kwa sababu imekaa nyuma ya risasi miaka sita. Vidole vimekaa mbele. Hebu vitazame."

Kinasa picha kiliendelea kuelea, kinamtazama yeye sasa.

Zaina alikuwa bado ameinua mkono wa kulia, umelowa mate ya mbwa. Akaugeuza, kiganja, mgongo wa mkono, kiganja, kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake akishike.

Mkaguzi alikuwa mtu wa kazi, na katika mambo mazito mtu wa kazi hukimbilia kazi. Akatoa mkasi mdogo, akamwomba Zaina ruhusa, akakata ncha ya ukucha wa kidole cha kati. Ukucha hutunza hesabu, alieleza kwa sauti ya chini, pengine ili tu pasiwe kimya. Miale ikipita huacha kovu ndani yake lisiloonekana, na kovu halifutiki hadi ukucha ukue utoke. Akakiweka kile kipande kwenye kisomeo. Namba zilipanda. Zikapita kijani, zikapita njano, zikapita nyekundu, zikaendelea kupanda.

"Na huu ni wa miezi sita tu," alisema. "Uliotangulia ulikwisha kukatwa."

Kisha akakata ukucha wa Bi Mwantumu. Naye alikuwa amevuka nyekundu. Lakini si mbali.

"Miezi saba napaka dawa ya mafangasi," alisema Zaina, bila kumwambia mtu yeyote.

Mzee Shelukindo alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Alimshusha Jirani mezani, mguu mmoja mmoja. "Mimi nilikuwa najibu vitendawili," alisema. "Nacheka. Kumbe mtoto wa watu anaungua mbele yangu."

"Baba, kaa kwanza," alisema Daktari Hoza. "Tunaweza, kwa leo tu, kwa kuwa mzizi wake umefika..."

"Nani atashika? Huyu?" Mzee alimnyooshea Zaina kofia. "Wewe utashika, daktari? Basi." Akaifunga kamba shingoni mwa mbwa. "Tangu nipewe amenibwekea, miaka kumi na tisa. Sitamlipia kwa vidole vya mtu. Jirani, twende."

Walisikia kucha za mbwa zikigonga sakafu hadi mlangoni.

Mkaguzi akabandika karatasi nyekundu kwenye mlango wa chumba cha picha saa nne na robo. Nje kulikuwa na watu kumi na sita kwenye benchi, kila mmoja na wake, na Bi Mwantumu ndiye aliyetoka kuwaambia, kwa sababu Daktari Hoza alikuwa ameketi ofisini na miwani yake mkononi.

*

Walimkata Zaina vidole viwili, hadi kwenye kiungo cha pili. Daktari wa mikono alisema mwaka mmoja nyuma angeweza kuviponya. Alisema hivyo akijaza fomu, hakukusudia ubaya.

Jirani aliishi siku ishirini na sita. Wengine walifuata. Ofisi ilituma barua kwamba kanuni mpya inaandaliwa: punje ya pete, kila kidole na yake, na kila mtu mzima atakayekubali kwa hiari yake, baada ya kuelezwa, ataruhusiwa kushika picha arobaini maishani, asizidishe hata moja. Watu wa Lushoto walikuwa wameanza kujiandikisha, si wengi. Hadi pete zifike, benchi la Kwa Gego lilikaa tupu.

Siku ya nne baada ya kukatwa, Bi Mwantumu alikwenda hospitali na chupa ya uji. Zaina alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, anajifunza kushika kijiko kwa kushoto. Uji ulikuwa unamwagika. Bi Mwantumu alinyoosha mkono amsaidie, akaurudisha.

"Ungeniambia tu," alisema Zaina.

"Niliogopa ungeacha kazi."

"Pengine ningeacha." Akapeleka kijiko mdomoni, akameza. "Pengine ningeshika hivyo hivyo. Hujui, wala mimi sijui, na hatutajua. Wale wanyama niliwapenda. Lakini ungekuwa mkono wangu, natoa mimi. Wewe ulinitolea, mama. Nikawa nasimama pale najiona nina adabu kuliko watu wote."

Bi Mwantumu alitafuta neno. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuta neno lisilo zuri, la kawaida tu, la kusimama wima, na hakupata zaidi ya lile ambalo kila mtu analo.

"Nisamehe."

"Usiniombe leo." Hakusema kwa hasira. "Wenzangu wako wapi? Wale sita."

"Kibwana yuko Korogwe. Mwajabu yuko Same. Wawili wako Mbulu, mmoja Njombe, na yule Hamza sijui kama bado yuko Kilosa. Mkaguzi amesema watapelekewa barua, kikao kikishakaa wiki ijayo."

"Leo wanashika?"

"Leo ni Jumanne. Watakuwa wanashika."

"Barua watasoma, watasema ni mambo ya ofisi. Watatazama punje, wataona kijani, watacheka. Mimi ningecheka." Zaina akaweka kijiko. "Wapigie wewe. Wewe ndiye uliyewaambia ni heshima. Na upige hapa hapa, nisikie."

Bi Mwantumu alitoa simu mkobani. Ncha za vidole hazikuhisi vitufe; ikabidi atazame kila namba akiibonyeza. Akaanza na Korogwe kwa kuwa ndiko karibu, akaiweka simu juu ya shuka kati yao wawili.

Iliita mara tatu.

"Shikamoo mwalimu wangu," sauti ya Kibwana Mhina ilijaa chumba, changamfu, na nyuma yake mbwa mkubwa akihema. "Leo jua limetoka wapi hata ukanikumbuka? Ngoja nikuweke pembeni, nina jitu hapa lina kilo hamsini."

Bi Mwantumu hakuitikia salamu.

"Kibwana, uko chumba cha picha?"

"Niko mezani kabisa. Bamba liko ndani, bado kubonyezwa."

"Litoe. Toa na mkono wako. Mwambie aliye kwenye mtambo asiguse kitu."

"Kuna nini, mwalimu?"

"Fanya kwanza. Halafu sogea dirishani penye mwanga, uniambie kucha zako zina rangi gani."

Walisikia mbwa akiruka chini, na viatu vikitembea sakafuni bila haraka. Zaina alikuwa amefumba macho. Pazia la dirisha likavutwa, pete zake zikakwaruza juu ya fimbo.

"Nipo dirishani. Za mkono upi? Wa kushoto uko sawa, na punje nimeitazama asubuhi, kijani."

"Wa kulia," alisema Bi Mwantumu, akangoja.